Gemu Aliyoisubiri Deusi

Kompyuta ya zamani ikiwashwa baada ya kulala miaka hutoa harufu ya vumbi linaloungua taratibu nyuma ya feni. Mwezi uliopita mteja aliniletea mashine ya namna hiyo dukani kwangu hapa Majengo, Sumbawanga, akitaka nimtolee picha za harusi ya wazazi wake zilizobaki ndani. Nikaichomeka, feni ikaanza kukoroma, harufu ikanipanda puani, na nikajikuta nimekaa chini kama mtu aliyepewa habari mbaya. 

Dukani walikuwemo pia vijana wawili ambao huja kutumia intaneti yangu. Walikuwa wanabishana juu ya gemu mpya ya kompyuta ambayo bado haijatoka. Mmoja anaisubiri mwaka wa tatu sasa, na kionjo chake, ile video fupi ya kuitangaza, amekitazama mpaka amekikariri. Mwenzake alimwambia anajichosha bure, gemu za siku hizi ni sura nzuri tu, ukiingia ndani hamna kitu. Mwenye mashine, mtu wa rika langu, akadakia kwamba gemu zilikuwa zetu sisi, hizi za sasa zinauzwa nusu mbichi. Wakanigeukia.

"Dada, wewe ndiye mtaalamu," alisema yule anayesubiri. "Ubora umeshuka, haujashuka?"

Niliwaambia wanipe nafasi nifanye kazi. Walicheka, wakadhani nimechoka. Ukweli ni kwamba habari ya gemu inayosubiriwa siiwezi kwa utani, na mpaka siku ile nilikuwa nimekaa miaka yote bila kumweleza mtu sababu.

Tulikaa Kizwite, nyumba ya mwisho kabla mashamba hayajaanza. Baba ndiye aliyefungua duka hili, likiwa na mashine moja ya fotokopi na kompyuta moja ya kuchapia barua za watu. Alipopata kompyuta nyingine, ile ya kwanza aliileta nyumbani akaiweka chumbani kwa kaka yangu Deusi, kwa sababu Deusi ndiye aliyekuwa na muda wa kukaa nayo. Alikuwa na miaka kumi na saba na shule ilikuwa imemshinda akiwa kidato cha pili. Ugonjwa ulimwanza kwa koo na maumivu ya viungo, tukadhani ni baridi ya huku kwetu, mpaka alipoanza kuvimba miguu na kuhema kwa kutembea tu kutoka mlangoni hadi barabarani. Hospitali wakasema ni moyo. Jina lake liliwekwa kwenye orodha ya watakaopelekwa Dar es Salaam, na orodha ilikuwa ndefu. Kulala chali hakuweza. Alilala amekaa kando ya dirisha, amezungushiwa mito na mablanketi yaliyokunjwa, kompyuta ikiwa mezani mbele ya magoti yake.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, naye alikuwa akiniita Dogo. Nikitoka shule nilikuwa navua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja chumbani kwake, hata ugali sijala, na Mama alikuwa analalamika kila siku bila kumaanisha. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza vitufe vya kutembeza watu, maana vidole vyake vilichoka haraka. Yeye alishika kipanya na kuamua.

Gemu yetu ilikuwa moja. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, kwa hiyo tuliiita Msafara. Unaongoza watu arobaini wanaovuka milima ya theluji kutafuta mahali pa kuhamia. Unagawa chakula, unachagua njia, unaamua nani apande mkokoteni na nani atembee. Tuliwapa majina ya watu wa mtaani kwetu. Mzee mwenye ndevu alikuwa katekista wetu, mama mnene aliyelalamika kila jioni alikuwa jirani yetu wa mkono wa kushoto, na Mama alipogundua hilo alicheka mpaka akaficha uso kwenye kanga. Theluji hatukuwahi kuiona, lakini baridi tuliijua. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa Ufipa hupita chini ya mlango bila kubisha hodi, na Deusi alikuwa anacheza amejifunga shuka la tatu, akisema wale watu wa milimani wana nafuu, wao angalau wanatembea.

Mwisho wa gemu hiyo msafara unafika bondeni, ila msichana mmoja mdogo anapotea kwenye dhoruba. Anaitwa, haitiki, na gemu inaishia hapo. Hakuna namna ya kuicheza ukampata. Tulijaribu mara sita. Jambo hilo lilimkera Deusi kuliko miguu yake. Alisema mtu hawezi kuandika hadithi nzuri namna ile halafu akamwacha mtoto porini. Kwa hiyo siku rafiki yake Masanja alipokuja na simu, akatuonyesha kwamba sehemu ya pili inatengenezwa, na kwamba katika kionjo chake inasikika sauti ya yule msichana akiita kutoka mahali penye moshi, kaka yangu aliishika simu ile kwa mikono miwili na hakuirudisha mpaka ilipozima.

Masanja alikuwa amesoma naye. Watu wake ni Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, na yeye walimpangishia chumba Kizwite ili asome. Mama alimpenda kwa sababu hakuja mikono mitupu, mara nyingi alileta maziwa mgando kwenye kidumu, na pia kwa sababu alizungumza na Deusi kama anavyozungumza na mtu mzima wa afya. Sisi wengine tulishaanza kuongea naye polepole, kama tunamvusha daraja bovu.

"Mshikaji, inatoka mwezi wa nane," alisema siku ile.

"Hiyo ni ya kweli au ya maneno?"

"Wenyewe wameandika. Jiandae tu."

Mwezi wa nane ulifika, wakaahirisha mpaka wa kumi na moja. Wa kumi na moja ukafika, wakaomba radhi na kuahirisha tena. Masanja alitukana kwa Kisukuma. Deusi hakukasirika hata kidogo. Alisema acha waipike iive, akaniambia nimpe daftari.

Wa rika langu mnakumbuka kusubiri kulivyokuwa. Intaneti ya Sumbawanga isingeweza kushusha gemu ya ukubwa ule hata ungeiachia mwezi mzima. Gemu zilifika kwa barabara, zimenakiliwa Mbeya kwenye flashi, mfukoni mwa mtu. Mpaka kitu kikufikie umeshakicheza kichwani mara nyingi. Katika daftari lile Deusi alichora ramani ya nchi ambayo hakuwa ameiona, akapanga nani abaki kulinda mizigo na nani aende kumtafuta mtoto, akakadiria mahindi na nyama kavu za siku thelathini. "Safari hii katekista hatembei," aliniambia. "Tunampandisha mkokoteni tangu siku ya kwanza." Miezi ile alichangamka. Mama mwenyewe alisema kijana ana kitu cha kumwamsha asubuhi, na mimi neno hilo nililishika sana.

Sasa niwaeleze habari ya bibi, maana bila hiyo mtaniona nilikuwa mtoto mbaya tu.

Miaka miwili kabla ya hapo, bibi yetu mzaa baba aliugua kijijini. Alikuwa amefika mwisho. Padri alishampaka mafuta, hali wala hanywi, na jeneza lilishaanza kuulizwa kwa fundi. Lakini siku ya kwanza ikapita, ikapita ya tatu, ikapita ya sita. Wanawake waliokuwa wakimuuguza wakasema anamsubiri Lazaro. Lazaro ni baba yetu mdogo, kitinda mimba wake, ambaye alikuwa Kipili, kando ya ziwa, kwenye biashara ya dagaa. "Hawezi kuondoka hajamwona," walisema, na hakuna aliyepinga, si mwalimu mkuu, si katekista. Wakampigia simu, wakampigia tena, mwishowe wakamtuma mtu. Baba mdogo alifika siku ya tisa mchana, nguo zinanuka samaki, akapiga magoti, akamshika mama yake mkono na kumwamkia shikamoo. Bibi alifumbua macho, akamtazama. Chai aliyowekewa mgeni ilikuwa haijapoa, bibi akawa amekufa. Wanawake wakasema ameshamwona mwanawe, sasa amepumzika, na walisema kwa kuridhika, kama watu waliomaliza kazi vizuri.

Mimi niliyasikia yote nimekaa karibu na mlango, na nilichoelewa kilikuwa kingine kabisa. Nilielewa kwamba mtu anayesubiri hafi. Nilielewa pia kwamba baba mdogo ndiye aliyemuua bibi, kwa kufika. Kwa muda mrefu nilikuwa na hasira na watu waliompigia simu. Wangemwacha Kipili na dagaa wake, bibi angekuwa bado yupo kitandani anasubiri, na sisi tungekuwa tunakwenda kumsalimia kila likizo. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu lilionekana jambo la wazi mno, nikawa nashangaa watu wazima hawalioni.

Gemu ilifika mvua zikiwa zimekolea. Ilikuwa Jumamosi mchana, Mama yuko sokoni, Baba yuko dukani. Deusi alikuwa na wiki mbaya. Ngozi ya miguu ilikuwa inang'aa kwa kuvimba, na maneno alikuwa anayatoa matatumatatu, anapumzika, anatoa mengine. Masanja alibisha hodi mlango wa uani, koti linachuruzika maji, akatoa soksi ndani ya shati. Ndani ya soksi mlikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko flashi.

"Imekuja," alisema kwa sauti ya chini, na midomo ilikuwa inamtetemeka, kwa baridi au kwa furaha, sijui. "Mjomba kaipata Mbeya jana. Yuko macho?"

Nilisema amelala. Hakuwa amelala.

"Basi mwekee wewe, unajua kuliko mimi. Akifumbua macho tu aikute. Mimi nashuka bondeni leo hii, Baba kaniita, ng'ombe wanahamishwa. Nikirudi anisimulie yote. Siichezi kabla yake. Umesikia, dogo?"

Nikasema nimesikia. Akaondoka mvuani.

Nilibaki jikoni nimeshika ile soksi, na ninaikumbuka hofu iliyonishika kuliko ninavyokumbuka kitu kingine chochote cha utoto wangu. Nilimwona baba mdogo Lazaro amepiga magoti. Niliona nikiingia na kitu kile chumbani, Deusi atakicheza siku tatu, atamwona yule msichana, atasema sawa, na kitu cha kumwamsha asubuhi kitakuwa kimekwisha. Nikaenda stoo nikaizika flashi katikati ya debe la mbegu za maharage, ambalo halikuguswa na mtu mpaka muda wa kupanda. Nilisukuma mkono mpaka kiwiko. Kisha nikanawa nikaenda kwake.

Nilimkuta amekaa wima kuliko kawaida, macho yamechangamka, na nilifurahi kumwona hivyo.

"Dogo," alisema. "Imekuja?"

"Bado."

Alinitazama kwa muda. "Haya," akasema, akaegemea mito.

Siku iliyofuata aliniuliza tena, na iliyofuata, kila alasiri. Alikuwa anangoja nikae, nimwambie ya shuleni, kisha anauliza kwa sauti ileile, bila haraka: imekuja? Nami nasema bado. Sikuwa najisikia mwongo. Nilikuwa najisikia kama mtu anayezuia mlango kwa mgongo wake wakati wengine wote nyumbani wameusahau. Mama alihangaika na uji na dawa za maji, Baba alikwenda hospitali kuulizia orodha na kurudi na jibu lilelile, na mimi nikiwatazama nilikuwa nawaonea huruma, kwa kuwa hawakujua kazi yenyewe naifanya mimi.

Siku ya tano au ya sita alipata nafuu. Alikula ugali wa ulezi na maziwa, akaomba afunguliwe dirisha, akataniana na Mama kuhusu jirani wa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeanza kulegea siku hizo, nilikuwa nimeshakwenda stoo mara mbili kupapasa maharage. Nafuu ile ndiyo iliyonimaliza. Kwangu ilikuwa ushahidi. Niliona dawa yangu inafanya kazi, na mwenye akili haachi dawa inayofanya kazi. Aliponiuliza siku ile nilisema bado kwa furaha kabisa, nikamwongezea kwamba Masanja ametuma salamu, wameahirisha tena, labda mpaka baada ya Pasaka.

"Mpaka baada ya Pasaka," alirudia. Akafumba macho. "Mbali."

"Si mbali," nilisema.

Alasiri ya siku ya kumi na mbili hakuniuliza. Nilikaa, nikamweleza ya shuleni, nikanyamaza kumpa nafasi. Alikuwa anatazama kompyuta ambayo haikuwashwa. Nilikaa palepale mpaka Mama aliponiita mara ya tatu nikateke maji, na nilipokuwa natoka ndipo nilipoogopa kwelikweli, kwa sababu niliona ameacha kusubiri. Kesho yake nilikuwa darasani, saa nne hivi, jirani yetu yule yule mnene alipokuja kusimama mlangoni akaongea na mwalimu. Sikuhitaji kuambiwa. Nilijua kwamba nimeachia mlango.

Masanja alifika siku ya maziko jioni, amepanda kutoka bondeni kwa lori la mpunga, miguu ina matope mpaka magotini. Alikaa na vijana wenzake. Baadaye alinifuata nyuma ya jiko nilikokuwa nimejificha.

"Aliicheza?" aliniuliza.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Macho yake yalikuwa mekundu, na niliona kwamba nikisema hapana ataanguka pale pale kwenye majivu.

"Aliicheza."

"Aliimaliza?"

"Aliimaliza."

"Yule mtoto?"

"Walimkuta," nilisema. "Alikuwa kwa mzee mmoja mchoma mkaa. Ule moshi ulikuwa wa tanuri lake. Alikuwa mzima, na amenenepa."

Masanja alikaa chini akalia kwa sauti, na katikati ya kulia kwake alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayekubali. "Afadhali," alisema. "Afadhali aliiona." Mimi sikulia. Usiku ule ule nilitoa flashi kwenye debe, nikaiweka kwenye soksi zangu, na imekaa kwangu miaka yote.

Nikaja kukua, na nikaja kuelewa, polepole na bila mtu kunieleza, kwamba moyo wa kaka yangu haukuwa unajua lolote kuhusu kusubiri. Ulikuwa umechoka, basi. Bibi naye alikuwa amefika siku yake, na baba mdogo alifika siku hiyo hiyo. Nilichokifanya hakikumwongezea Deusi hata saa moja. Kilimpunguzia siku kumi na mbili ambazo angekuwa anatembea na watu wake, katekista yuko mkokotenini, wakimtafuta yule mtoto. Hilo nimeishi nalo. Watu husema nilikuwa mdogo, au wangesema kama wangejua. Udogo wangu ulimsaidia nini yeye?

Nilipokuwa chuo Mbeya niliichomeka ile flashi kwenye kompyuta ya hosteli, nikaicheza gemu ile mwanzo hadi mwisho, siku tatu za wikiendi ndefu. Ilikuwa mbovu. Nasema kwa hasira, maana waliahirisha mara mbili wakidai wanaipika. Watu walikuwa wanapita katikati ya kuta. Milima ilipendeza kuliko ile ya kwanza, theluji inameta, lakini wale watu arobaini hawakuwa na lolote la kusema, walirudia sentensi mbilimbili kama kasuku. Na ile sauti ya kwenye kionjo haikuwemo kabisa. Yule msichana alitajwa mara moja tu, kwenye barua iliyookotwa, kwamba habari zake zitajulikana baadaye. Nikatafuta mtandaoni nikakuta waliahidi kuiuza hadithi yake kama kipande cha pembeni, kisha kampuni ikavunjika, kipande hakikutoka.

Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Naona aibu kuandika lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijiambia: basi hakukosa kitu, angeichukia, bora alibaki na ya kwenye daftari lake. Nililala vizuri usiku mmoja. Asubuhi nilipoamka nilijichukia, kwa sababu niliona nimefanya biashara na ubovu wa gemu ili nijisamehe. Haikuwa kazi yangu kumchagulia. Kama ni mbovu, angekaa pale na shuka lake la tatu, angewatukana walioitengeneza, angenipa daftari niandike makosa yao. Hiyo nayo ilikuwa haki yake.

Ndiyo maana wale vijana siwajibu. Nikilazimishwa, ndiyo, nadhani zimeshuka. Wanakutangazia chakula kabla hawajawasha moto, wanakupa harufu miaka mitatu, kisha wanakuletea sahani ya wali ambao haujaiva na kukuambia mboga itauzwa mwakani. Lakini mtu anayesubiri kitu, mpe kitu chake. Kiwe kibovu, kiwe kizima, mpe aone mwenyewe.

Ningeishia hapo, kama Masanja asingekuja.

Sasa ana mashine ya kukoboa mpunga na watoto watatu. Kwa miaka yote hii, kila watu wanapokaa na kulalamikia gemu, yeye ndiye huitetea ile sehemu ya pili. Anawaambia msiseme ovyo, rafiki yangu aliimaliza kabla hajafa, na aliipenda. Mwenyewe hakuwahi kuicheza. Alisema hadithi alishaijua, na hataki kuiona bila Deusi. Wiki iliyopita aliingia dukani mchana, akavuta kiti, akangoja mteja wa fotokopi atoke.

"Mwanangu wa kwanza kaipata," alisema. "Ile ya pili. Nimekaa naye likizo nzima tukaicheza."

Nilizima mashine niliyokuwa nayo mbele.

"Yule mtoto hamo, dogo. Mchoma mkaa hamo. Tumerudia mara mbili, nikidhani tumekosea njia."

Nikamwambia. Nilianza na bibi na baba mdogo Lazaro, nikaja kwenye debe la maharage, nikamweleza kila alasiri, na ile ya baada ya Pasaka. Niliongea haraka na kumtazama mikono, siyo uso. Nilitegemea atanitukana, na ningependa anitukane. Alijipapasa magoti kama mzee.

"Kwa hiyo siku zile zote alikuwa anakuuliza," alisema mwishowe.

"Kila siku."

"Na wewe unamwambia bado."

"Ndiyo."

"Lakini alijua." Sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Siku ile nilipotoka uani nilipitia dirishani kwake. Nikamkuta macho. Nikamwambia imekuja, nimempa dogo, anakuwekea sasa hivi. Akanishika mkono kwenye nondo za dirisha, akacheka mpaka akakohoa."

Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika, ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Aliondoka bila kuaga sawasawa, na sikumsindikiza. Nilifunga duka mchana kweupe nikakaa ndani. Deusi hakuwahi kuniambia anajua kwamba ninayo, hakumwita Mama, hakupandisha sauti. Aliniuliza mara kumi na moja, kwa upole, akinipa nafasi. Mara kumi na moja nilimtazama usoni nikamwambia bado, na alikuwa anajua.